Asili ya neno "cerebrum"

Je, neno "cerebrum", linalotumika kutaja sehemu ya ubongo, lilitoka Kigiriki? Hapana, halikutoka huko. Ni neno la Kilatini ambalo Warumi walilitumia kwa maana ya ubongo wote, na pengine kwa maana ya akili au hata hasira, ndiyo maana mtu mwepesi wa kupandwa na hasira walimwita "cerebrosus". Wanaisimu hulirudisha kwenye mzizi wa kale wa lugha za Kihindi-Kiulaya uliohusu kichwa na pembe, mzizi uleule uliozaa "cornu", yaani pembe, na "Hirn", ubongo kwa Kijerumani. Neno la Kigiriki la ubongo ni "enkephalos", ambalo ukilipasua unapata "kilichomo kichwani".

Linalonivutia zaidi ni "cerebellum", kwa kuwa limeundwa kwa njia ya udogo, kama sisi tunavyopata kilima kutoka mlima: maana yake ni ubongo mdogo, nao ndio ule uliojikunja nyuma, upande wa kisogoni. Izingatiwe tu kwamba katika anatomia ya leo "cerebrum" si ubongo wote tena, bali ni ile sehemu kubwa ya juu yenye nusu mbili, ya kushoto na ya kulia.