Kulea watoto wa ndugu aliye safarini

Dada wa Arua, umeeleza kwamba mdogo wako anakwenda Uarabuni kufanya kazi kwa miaka 2, na anakuachia watoto wawili, wa miaka 4 na 9.

Kabla hajaondoka, mwandikishiane barua inayosema kwamba watoto wako mikononi mwako na kwamba unaweza kuwapeleka hospitali na kusimamia masomo yao, kisha mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, aipige muhuri. Akuachie pia vyeti vya kuzaliwa na kadi za chanjo. Habari ya fedha muipange waziwazi, hata kama mnaoneana haya. Undugu mwingi umeharibikia kwenye ada ya shule.

Homa usiichezee. Mtoto akipata joto la mwili, apimwe malaria ndani ya saa 24, na akishikwa na degedege, akitapika kila anachokula au akishindwa kunywa, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.

Lililo gumu zaidi ni usiku. Mama asitoroke alfajiri watoto wakiwa wamelala. Awaage wakiwa macho, na yule mdogo asidanganywe kwamba mama anarudi kesho. Nilipolea mpwa wangu, alilala miezi mitatu akiwa ameshika leso ya mama yake, nami sikuthubutu kuifua mpaka aliponiletea mwenyewe. Simu za mama ziwe na saa maalumu, na yule wa miaka 9 apewe nafasi ya kuzungumza naye peke yake, bila wewe kusikiliza.