Ligi ya watoto wa spidiwei: mbio nyingi kwanza, kikombe baadaye

Mzazi mmoja wa Kisauni ameniandikia. Wana vijana wanane wa miaka kumi hadi kumi na tano, kiwanja cha maramu na pikipiki nne kuukuu za cc 125. Anauliza kama waanze ligi ya spidiwei, yaani mbio za pikipiki za kuzunguka kiwanja cha udongo, na zawadi iwe nini. Waanzeni, ndugu yangu, na zawadi isubiri. Ligi ya chipukizi hupimwa kwa idadi ya mara ambazo kila mtoto amesimama kwenye kamba ya kuanzia, ile inayopanda mbio zikianza.

Mbio moja ya spidiwei ni waendeshaji wanne, mizunguko minne, kona zote za kushoto. Huisha kama dakika moja hivi. Wa kwanza pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho hana. Mtoto anayepewa mbio mbili amejifunza dakika mbili, saa zilizobaki amekula vumbi. Vijana 16 hupangwa mbio 20, kila mmoja akimbie mara 5 na akutane na kila mwenzake mara moja. Wanane wenu wapangieni mbio 14: kila mmoja mara 7, kila wawili wakutane mara 3.

Pikipiki zipakeni rangi za nafasi za kusimama kwenye kamba, kuanzia ya ndani: nyekundu, buluu, nyeupe, manjano. Anayepangiwa nafasi ya buluu apande ya buluu. Hapo mwenye baba mwenye pesa hashindi kwa injini. Toeni taa, vioo na stendi, na gia za nyuma ziwe na meno sawa zote. Pikipiki ya spidiwei haina breki, ili wa mbele asisimame ghafla wa nyuma wakamvaa, kwa hiyo isiwepo moja yenye breki katikati ya zisizo nayo. Kamba ya kuzima injini ifungwe mkono wa kulia, na ivutwe kwa majaribio kabla ya kila mbio. Kiatu cha kushoto, kinachoburuzwa kwenye kona, kinahitaji soli ya chuma. Mpeni fundi wa kuchomelea, naye aikunje juu mbele ya vidole, la sivyo itachimba ardhi na kuvuta goti.

Mtaniambia pikipiki halisi za spidiwei, zile za cc 500, hunywa methanoli. Watoto wenu wabaki na petroli. Moto wa methanoli hauonekani juani, na yenyewe hunyonya unyevu wa hewa yetu ya pwani hadi kabureta ikaliwa.

Kosa linaloangusha wengi ni kufunga mafuta katikati ya kona. Tairi la nyuma lilikuwa linateleza; mafuta yakikatika linashika ardhi ghafla, pikipiki inanyooka na kumpeleka mtoto nje. Wafundisheni polepole kuzunguka matairi mawili makuukuu kwenye ardhi iliyolowa. Wakae mbele, kiwiko cha kulia juu, macho yatazame kona inakoishia. Na huko nje ya kona pawe wazi, pasiwe na nguzo wala ukuta wa matumbawe.

Kiwanja ndicho kitakachowachosha. Wakati wa kaskazi mwagieni maji jioni ya kuamkia mbio, kisha kidogo kila baada ya mbio nne. Mkimwaga mengi kwa pamoja, juu panakuwa utelezi na chini pakavu, na mifereji inachimbika. Maji ya kisima yenye chumvi yanatuliza vumbi vizuri sana, lakini yanakula spoki na cheni, kwa hiyo nunueni bauza ya maji baridi. Udongo uliolegea hurushwa nje kila mzunguko. Msipouburuta kurudi ndani, ndani patabaki pagumu na patupu, na nafasi moja itashinda siku nzima.

Mtoto akigusa kamba ya kuanzia kabla haijapanda, msimtoe. Anzisheni upya, yeye asimame mita 15 nyuma ya wenzake, akimbie.