Kumfundisha mwanafunzi wa afya barua pepe ya kazini

Ukipangiwa kuwafundisha wanafunzi wa uuguzi, udaktari au famasia kuandika barua pepe za kazini, utavutika kuanza na salamu na namna ya kuaga. Usianzie hapo. Adabu wengi wao wanayo tayari. Wanachokosa ni picha ya msomaji: mtu yuko zamu, kasimama koridoni na simu mkononi, ametoka kwa mgonjwa mmoja na anakwenda kwa mwingine. Mwanafunzi akishamwona mtu huyo, mengine hufundishika kwa urahisi.

Mimi huanza na barua mbovu niliyoitunga, inayofanana na nyingi ninazopokea. Haina kichwa. Inasema: "Shikamoo mwalimu, natumaini u mzima na unaendelea vyema na majukumu. Mimi ni mwanafunzi wako, wiki iliyopita niliumwa sikuweza kuja wodini, pia kitabu changu cha mazoezi hakijasainiwa, sasa sijui itakuwaje." Kisha nauliza darasa: huyu anaomba nini? Mmoja anasema ruhusa, mwingine sahihi, mwingine kurudia zamu. Waache wabishane. Ubishi ule unafundisha kuliko maelezo yoyote utakayotoa ubaoni.

Baada ya hapo tunaiandika upya pamoja. Kichwa kinakuwa "Ombi la kufidia zamu mbili, wodi ya wazazi". Ndani: "Shikamoo mwalimu. Naomba kufidia zamu za Jumanne na Jumatano nilizokosa kwa kuumwa. Cheti cha daktari nimekiambatisha. Naweza kuja Jumamosi na Jumapili. Naomba jibu kabla ya Alhamisi ili muuguzi kiongozi aniweke kwenye ratiba." Chini jina kamili, mwaka wa masomo na namba ya usajili. Suala la sahihi linaenda kwenye barua nyingine, maana anayesaini ni mtu mwingine. Salamu imebaki, nami husisitiza ibaki. Kilichoondoka ni maneno aliyopaswa msomaji kuyavuka ndipo alifikie ombi.

Kwa mambo ya wodini wape mpangilio watakaoukuta kazini, yaani SBAR, herufi za mwanzo za maneno manne ya Kiingereza: hali ilivyo sasa (situation), usuli wake (background), tathmini yako (assessment), na pendekezo (recommendation). Ulianzia kwenye nyambizi za nyuklia za jeshi la majini la Marekani, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 daktari Michael Leonard na wenzake wa Kaiser Permanente, shirika la huduma za afya la Marekani, wakauingiza hospitalini. Sehemu ambayo wanafunzi huikwepa ni ya mwisho, kwa kuwa kumpendekezea jambo mkubwa wao kazini wanaliona kama utovu wa adabu. Wafanyishe mazoezi hapo kwa muda mrefu. "Vitakasa mikono vya vyumba viwili vimekwisha tangu jana. Napendekeza stoo ituletee vingine kabla ya zamu ya usiku." Hakuna aliyevunjiwa heshima, na stoo imejua la kufanya.

Na mgonjwa ambaye hali yake inabadilika haandikiwi barua pepe. Piga simu au mfuate mhusika. Hili litaje mapema na ulirudie.

Siri ya mgonjwa ndiyo inayohitaji muda wako mwingi. Mwaka 2015 kliniki moja ya London yenye wagonjwa wanaoishi na VVU ilituma jarida lake kwa watu zaidi ya 700, anwani zote zikawekwa pale zinapoonekana badala ya sehemu ya nakala ya siri (Bcc). Kila mpokeaji aliziona anwani za wenzake, nyingi zikiwa na majina kamili. Mwaka uliofuata hospitali iliyoiendesha kliniki hiyo ilitozwa faini ya pauni 180,000. Hapakuwa na mdukuzi. Anwani ziliingizwa mahali pasipo pake, basi. Ndiyo maana nawazoesha wanafunzi kujaza anwani mwisho kabisa, barua ikishasomwa na viambatisho vikishafunguliwa na kukaguliwa.

Wengi hudhani kufuta jina kunatosha. Waandikie ubaoni: "mama wa miaka 34 aliyejifungua mapacha jana usiku, wodi ya 3", kisha uulize ni nani wodini asiyemjua. Kanuni za faragha za Marekani, chini ya sheria ya HIPAA, zinaorodhesha aina 18 za taarifa za kuondolewa ili mgonjwa asitambulike. Jina ni moja tu kati yake. Namba ya faili, tarehe ya kulazwa na picha ya uso nazo zimo.

Kwenye kusahihisha, usimalizie wino kwenye tahajia. Mpe mwanafunzi mwenzake aisome barua kwa sekunde 20, kisha aseme kinachoombwa, na nani, na lini. Akishindwa, irudi ikaandikwe upya. Gawa mazoezi madogo kila wiki, yanayohusu mambo wanayoyahitaji kweli: kubadilisha zamu, kuomba barua ya mapendekezo ya kazi, kuuliza matokeo ya tathmini.

Na uwajibu kama watakavyojibiwa kazini. Mara nyingine mtumie mwanafunzi jibu la neno moja, "Fafanua", uone atafanyaje. Wapo wanaonyamaza siku nzima wakidhani wamemuudhi mtu, na wapo wanaorudisha kurasa mbili za kuomba radhi. Kaa nao, uwaonyeshe kwamba aliyeandika vile alikuwa na haraka tu, na kwamba anachosubiri ni sentensi mbili zilizonyooka.