Tili Yako Ipe Akaunti Yake Kwenye Vitabu

Wiki iliyopita dada mmoja mwenye duka la pembejeo Kakamega aliniandikia. "Dada, hii programu ya hesabu inasema nimeuza karibu mara mbili ya kile ninachokumbuka. Nikiangalia benki, hizo pesa hazipo. Naambiwa nizilipie kodi zote. Nifanye nini?"

Nilimjibu usiku uleule, maana ujumbe wake ulinirudisha mahali ninapopajua. Nilimwuliza jambo moja tu: pesa unazohamisha kutoka tili, yaani ile nambari ya Lipa na M-Pesa wateja wanayolipia, kwenda benki, programu imeziandika kama nini? Asubuhi akanitumia picha. Kila hamisho lilikuwa limeandikwa mauzo.

Kabla sijaanza kuwatunzia hesabu wafanyabiashara mbalimbali, niliajiriwa kwa muuzaji wa jumla wa vifaa vya ujenzi hapa Kisumu, upande wa Kibuye. Saruji, mabati, misumari, rangi. Wateja wengi walilipa kwa Lipa na M-Pesa, na mimi ndiye niliyeshika vitabu pamoja na funguo za droo ya pesa. Mzee akanunua programu ya uhasibu, akamleta mtaalamu wa kuiweka. Sikuulizwa lolote. Mtaalamu akaingiza taarifa ya benki, kisha akachukua faili la tili akalipakia nalo, yote mawili upande wa mauzo. Akalipwa, akaenda zake.

Mwezi ulipofungwa, programu ikaonyesha mamilioni ambayo hakuna aliyeyaona. Mzee aliniita mbele ya vijana wa kupakia saruji, akaniuliza pesa zimekwenda wapi. Hakusema neno "mwizi." Hakuhitaji kulisema. Wale vijana waliacha kunisalimia kwa siku kadhaa, na mmoja wao nilikuwa nimemsaidia karo ya mtoto.

Nilimwomba Mzee aniruhusu niingie kwenye mfumo wa tili, nikashusha taarifa yote na kukaa nayo. Kila muamala wa M-Pesa una nambari yake ya herufi na tarakimu kumi, na hiyo nambari haisemi uongo. Nilianza na mauzo ya mteja mmoja wa mabati. Alilipa 10,000. Ada ya tili ya asilimia 0.55 ikakatwa, shilingi 55. Zilizobaki, 9,945, zikahamishwa benki jioni. Programu ilikuwa imeandika mauzo ya 10,000 kutoka faili la tili, halafu mauzo mengine ya 9,945 kutoka benki. Pesa ileile imehesabiwa mauzo mara mbili! Nikaendelea hivyo mstari kwa mstari mpaka tofauti yote ikaisha. Hakuna shilingi iliyokuwa imepotea.

Mzee aliziangalia karatasi, akatikisa kichwa, akasema sawa. Pole sikuambiwa, na mpaka leo sijaambiwa. Lakini baadaye yeye mwenyewe ndiye aliyewapa wenzake wa pale sokoni namba yangu ya simu, na ninaowatunzia hesabu leo, kutoka Kondele hadi Busia, wengi walitokana na hao.

Kwa hiyo nikikwambia jambo hili nalijua, nalijua kwa ndani. Wewe unayetaka biashara yako ikue, upate mkopo bila kubabaika, ufungue tawi la pili, tili yako ni akaunti kamili. Ina salio lake, ina mapato na matumizi yake. Ndani ya programu ifungulie akaunti yake ya aina ya benki, uiite Tili au M-Pesa, uweke salio la kuanzia la siku utakayoanza. Mteja akilipa, mauzo yanaingia pale. Ukihamisha kwenda benki, huo ni uhamisho kati ya akaunti zako mbili, haugusi mauzo kabisa. Katika mfano wa mabati vitabu vitasema mauzo 10,000, gharama ya ada 55, uhamisho 9,945. Basi.

Wapo wanaosema wataingiza benki peke yake ili kukwepa usumbufu. Hapo unajidhulumu kwa njia nyingine. Ada hutaziona kamwe, na siku ukimlipa msambazaji moja kwa moja kutoka kwenye tili, mauzo hayo na ununuzi huo vyote vinatoweka kana kwamba havikutokea.

Kuhusu faili lenyewe. Taarifa ya PDF unayopata kwa *334# ni ya laini yako binafsi, inafungwa kwa nambari ya siri, na programu nyingi haziisomi moja kwa moja. Ya tili ishushe kwenye mfumo wa wafanyabiashara ikiwa Excel au CSV. Futa vichwa vya juu vyenye jina la biashara na jumla. QuickBooks Online, mojawapo ya programu za uhasibu, inataka safu tatu, yaani tarehe, maelezo na kiasi, au nne ukitenganisha zinazoingia na zinazotoka. Ondoa koma kwenye maelfu. Nambari ya muamala iunganishe na maelezo, usiitupe, kwa sababu ndiyo itakayokuokoa siku ya kuulizwa.

Tarehe zimewaliza wengi. Programu ikiwa imewekwa kwa mpangilio wa Marekani, tarehe 5/3 inageuka kuwa Mei 3, na 13/3 inakataliwa. Utaona nusu ya mwezi imeingia na nusu imepotea. Hakikisha mpangilio ni siku, mwezi, mwaka kabla ya kubonyeza chochote.

Usifute mistari inayorudia nambari ya muamala ukidhani ni nakala. Kwenye taarifa za M-Pesa malipo na ada yake huweza kukaa mistari miwili chini ya nambari moja. Nakala halisi ni nambari ileile, kiasi kilekile, maelezo yaleyale. Hizo huja ukipakia kipindi kilekile mara mbili, kwa hiyo andika mahali ulipoishia. Muamala uliorudishwa kwa mteja nao uache uonekane, uingie kama marejesho ya mauzo.

Na tafadhali, usichanganye tili na karo ya watoto na michango ya matanga. Ukichukua pesa ya nyumbani, iandike kama ulichochukua wewe mwenyewe.

Haya si mambo ya kupendezesha vitabu tu. Kodi ya mauzo ghafi, ile ya biashara zenye mauzo ya kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka, ni asilimia 3 tangu Julai 2023, nayo hukatwa kwenye mauzo kabla ya kutoa gharama yoyote. Mwenye mauzo ya 200,000 kwa mwezi anadaiwa 6,000. Vitabu vikisema 400,000, atalipa 12,000 kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, kwa pesa ambazo hakuzipata. Halafu KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, ikilinganisha na ankara zako za eTIMS, yaani mfumo wake wa ankara za kielektroniki, uanze kueleza.

Fanya kazi hii kila Jumatatu, usingoje mwezi uishe. Salio la mwisho kwenye taarifa ya tili lilingane na salio la akaunti ya tili ndani ya programu. Likilingana, endelea. Lisipolingana, hata kwa shilingi 55, usiandike marekebisho ya kulazimisha. Rudi kwenye mistari ya wiki hiyo uanze na ada, kwa maana mara nyingi ndizo zilizoachwa.