Mdogo wangu ulieangusha kijiti, usiache mbio

Wiki iliyopita nimepata meseji ya binti mmoja wa Njombe, yuko form three, anakimbia wa mwisho kwenye timu yao ya kupokezana vijiti, mita 100 mara nne. Walikuwa wanaongoza, kijiti kikaanguka pale kwake. Anasema bwenini hawamsemeshi na anataka kuachana na riadha kabisa. Hapo kwenye kuachana ndo nimeshindwa kunyamaza, mana mimi niliacha.

Ilikuwa 2008, uwanja wa Sokoine hapa Mbeya, ile baridi ya mwezi wa sita ukipumua unatoa moshi mdomoni. Na mimi nilikuwa wa mwisho. Tulifanya mazoezi miezi mitatu na kipande cha mpini wa fagio, alama yangu, ile mwenzangu akiikanyaga ndo nachomoka, nimeipima kwa nyayo, naijua hata usiku. Mwenzangu akaja kwenye kona anaongoza, watu jukwaani wakapiga kelele, nikachomoka kabla hajafika kwenye alama. Nikamsikia anaita shika! shika! mkono wangu uko nyuma ila unapepea tu hautulii, kijiti kikanigusa vidole kikaenda chini. Nikasimama nalia, timu zote zinapita. Jumatatu mwalimu akanisimamisha paredi mbele ya shule nzima akasema huyu ndo katuuza. Mpaka leo nikipita mahali nikasikia kengele ya shule lile neno linarudi.

Mwaka uleule mwezi wa nane, Olimpiki ya Beijing, Lauryn Williams wa Marekani nae kijiti kilianguka akipokezana na Torri Edwards. Na 2004 kule Athens alikuwa anapokea kwa Marion Jones wakapitiliza eneo la kupokezana, pale ambapo kijiti lazima kibadilishwe mikono, timu ikatolewa fainali. Mara mbili huyohuyo mtu, dunia nzima inaangalia! Lakini pale Beijing alirudi akakiokota akakimbia mpaka mwisho peke yake. 2012 London akakimbia kwenye mchujo, wenzake wakaenda fainali wakaweka rekodi ya dunia sekunde 40.82, na yeye kwa kukimbia ule mchujo akapata dhahabu yake. Mimi haya nimekuja kuyajua baadae sana, ningeyajua nikiwa kidato cha tatu nisingegawa viatu vyangu.

Nilikaa miaka sita bila kukimbia. Sa hivi nafundisha mabinti kila Jumamosi na mwaka jana wamepokezana mara tatu kijiti hakijagusa chini wakawa wa kwanza, nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, na najivunia sana.

Sasa nikwambie. Ukishaweka alama iamini, usichomoke kwa sababu ya kelele, chomoka mwenzako akikanyaga alama. Ukishachomoka usigeuke nyuma, nyoosha mkono utulie, kazi ya kulenga ni ya anaeleta. Eneo siku hizi ni mita 30, enzi zetu lilikuwa 20, kwa hiyo nafasi mnayo, msipokezane kwa pupa. Na mkono utulie, narudia tena, MKONO UTULIE. Kikianguka mbio hazijaisha, aliekiangusha anaruhusiwa kukiokota mradi asimzuie mwingine. Okota umalize hata kama ni wa mwisho.

Na nyie walimu na wazazi mnaosoma hapa, acheni kumtafuta mchawi mmoja. Kijiti kinashikwa na mikono miwili kwa wakati mmoja, sasa inakuwaje kosa linabebwa na mtoto mmoja? Msichana mwenye mbio huku kwetu tayari ana mengi ya kumrudisha nyuma, kuna kuchota maji, kuna nguo za kukimbilia zinazosemwa na majirani, kuna ndugu wanaouliza mbio zitampa nini, alafu na nyie mnamwongezea aibu.

Mdogo wangu, kabla ya yote mtafute yule aliekuletea kijiti. Mimi na mwenzangu hatukuwahi kuongelea siku ile mpaka 2019, tukakutana stendi ya Nane Nane anasubiri basi la Tunduma ana mtoto mgongoni. Nikaanza kumwomba msamaha akanishika mkono, akaniambia miaka yote hiyo alikuwa anajua yeye ndo alikiachia mapema.