Mguu wa boti ukilia, anza na mpira

Maswali mengi ya kusi hii ni ya stendraivu, yaani mguu unaoning'inia nyuma ya tezi huku mashine imekaa ndani ya boti. Wengi mmetaja MerCruiser Alpha One, kwa hiyo majibu ni ya huo. Pale Bravo, aina nyingine ya MerCruiser, inapotofautiana, nimesema.

Nikienda moja kwa moja boti iko kimya. Nikikata kona inanguruma nyuma, na nikiinua mguu kidogo sauti inazidi. Fundi anasema gia za chini zimekwisha, ninunue mguu mzima. (Nahodha, Watamu)

Usinunue kitu bado. Mngurumo unaozidi usukani ukikatwa hutoka kwenye beringi ya gimbali, ile inayobeba shafti inapopita kwenye tezi kuingia mguuni. Kama si mngurumo bali ni tak-tak-tak inayokwenda na mzunguko wa mashine, shuku krosi, yaani viungo vinavyoiwezesha shafti kujikunja. Gia za chini hulia hata mguu ukiwa umenyooka, hasa zikibeba mzigo, na ushahidi wake utaupata kwenye skrubu ya oili yenye sumaku. Unga laini wa kijivu ni kawaida. Kipande unachoweza kukishika kwa kucha si kawaida.

Kuna kipimo kimoja kinachowapotosha wengi: kuweka fri, na sauti ikibaki kusema "basi si gia". Kwa Alpha hakifai, kwa sababu gia za chini huzunguka hata kwenye fri. Kinachosimama ni shafti ya propela peke yake. Bravo ina klachi yake juu, kwa hiyo chini kote hutulia.

Sasa vua mguu. Alpha iwekwe gia ya mbele kwanza, Bravo iwekwe fri. Achia silinda za kuinulia, fungua nati sita, uvute mguu moja kwa moja kuelekea nyuma. Ingiza vidole kwenye beringi uizungushe. Ikikwaruza, ikikwama au ikitoa maji ya kutu, imekufa. Krosi nazo zikunje kila upande: zisiwe na mahali zinapokaza wala zinapocheza.

Lakini beringi hiyo haikufa kwa uzee, imeuawa na maji yaliyopenya kwenye mpira wa mikunjo unaofunika krosi. Ukiweka beringi mpya ndani ya mpira uliochanika, msimu ujao utanunua nyingine. Badilisha vyote pamoja, na mpira wa kebo ya gia pia, maana kazi ya kufikia pale ni ileile. Nalisema hili kila mara na bado watu wanabana fedha kwenye mpira kisha wanamwaga kwenye vyuma.

Kabla ya kurudisha mguu, pima mlingano wa mashine kwa ile fimbo maalumu. Boti iwe imekaa sawasawa, kwa sababu boti ya faiba iliyoegemea vibaya hujipinda na kipimo kinakuwa cha uongo. Paka grisi kidogo kwenye ncha ya fimbo, ipitishe kwenye beringi mpaka iingie kwenye meno ya kapla, kiungo cha nyuma ya mashine kinachoishika shafti. Inatakiwa iingie na kutoka kwa nguvu ya vidole viwili. Ikigoma, rekebisha kwenye vishikizo vya mbele vya mashine. Fundi asiye na fimbo hiyo asifunge mguu wako, kwa sababu mlingano mbaya huua beringi mpya na kula meno ya kapla, na kapla haifikiwi bila kung'oa mashine. Mwisho paka meno ya shafti grisi, kaza nati kwa zamu hadi Nm 68.

Oili imekuwa kama chai ya maziwa. Niibadilishe mara ngapi ndipo isafike? (Mtwapa)

Swali hili linarudi kila msimu. Haisafiki kwa kubadilishwa, kwa sababu maji bado yanaingia. Mwaga oili, ingiza hewa ya psi 10 hadi 15, uiache dakika tano. Presha ikishuka, paka maji ya sabuni uone povu linatoka wapi. Anza kwenye sili ya shafti ya propela: vua propela utafute mshipi. Uzi wa nailoni ukijizungusha pale huyeyuka na kukata sili bila wewe kujua, kwa hiyo kila boti ya uvuvi ivuliwe propela mara kwa mara. Kama sili ni nzima, tazama washa za skrubu za oili. Hizo huwekwa mpya kila mara, si kugeuzwa upande.

Kujaza ni kutoka chini kwa pampu, mpaka oili itokee tundu la juu bila mapovu. Ukijaza kutoka juu unafungia hewa ndani. Funga juu kwanza, ndipo uchomoe pampu chini. Alpha ya kizazi cha pili hubeba takriban lita 1.9 pamoja na chupa yake ya akiba ya oili.

Naweza kutumia oili ya gia ya gari?

Hapana.

Mashine inapanda mizunguko lakini boti haiendi. (Shimoni)

Chora mstari wa rangi kutoka kitovu cha propela hadi kwenye mwili wake, kimbiza boti, kisha tazama. Mstari ukiachana, mpira wa ndani ya propela umeteleza.

Boti iko Ziwa Victoria. Zinki hazijalika hata kidogo lakini mguu unachimbika. (Mwanza)

Zinki ni vipande vinavyowekwa vilike badala ya mguu. Hazijalika kwa sababu hazifanyi kazi. Maji yasiyo na chumvi yanataka magnesi, au aluminiamu. Boti ikihamia baharini, magnesi itoke. Na yeyote asipake rangi juu yake, wala asipake mguu wa aluminiamu rangi ya shaba ya kuzuia chaza.

Boti ikifungwa, mguu ukae juu au chini?

Chini, ili mpira usikae umekunjwa vibaya. Wanaouinua kukwepa chaza hawaukwepeshi mpira. Sehemu yake hubaki majini, na chaza wadogo wanaoganda kwenye mikunjo huikata. Kila ukipandisha boti pwani, fungua mikunjo kwa vidole uangalie ndani kabisa, pale ufa unapoanzia. Mpira wa kutolea moshi ukipasuka utasikia kelele tu. Mpira wa krosi ukipasuka, maji hupita kwenye beringi hadi ngamani, na boti inaweza kuzama usiku ikiwa imefungwa gatini na betri ya pampu imekwisha.