Nakala iko wapi? Maswali yenu kuhusu kusasisha Windows na Mac

Tangu Windows 10 iache kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, swali ninaloletewa ni lile lile, nisasishe au niache, waulizaji tu ndio wanaobadilika. Leo nimechagua maswali ambayo jibu lake litawafaa wengi. Mengine nimeyajibu kwa mstari mmoja kwa sababu nimeshayajibu mara nyingi mno, naomba msinune.

SWALI: Kompyuta yangu imeleta ujumbe kwamba toleo jipya liko tayari. Nisakinishe au niache?

Kompyuta gani? Ni ya Windows au ni Mac? Ina miaka mingapi, diski imebakiza nafasi kiasi gani, unaifanyia kazi gani? Ndugu yangu, hukuandika hata moja kati ya hayo, na hukuandika pia lile ninalolitaka kuliko yote: faili zako zina nakala nje ya kompyuta hiyo? Kama hazina, usisakinishe leo. Tafuta diski ya nje, nakili kila unachokijali, kisha niandikie tena.

Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya kila siku. Masasisho ya usalama, ambayo Microsoft huyatoa Jumanne ya pili ya kila mwezi, ni viraka vya kuziba mianya kwenye mfumo ulio nao. Hayo yachukue ndani ya siku chache. Toleo jipya ni jambo jingine: unahama nyumba pamoja na vyombo vyako vyote, na kila chombo lazima kipate mahali pa kukaa. Hilo halina haraka. Mimi husubiri miezi miwili mitatu, makosa ya mwanzo yagunduliwe na kurekebishwa. Wenye Ubuntu, mfumo wa bure wa familia ya Linux, wameifanya tahadhari hiyo kuwa utaratibu: aliyeko kwenye LTS, yaani toleo linalohudumiwa kwa miaka mingi, haitwi kuhamia LTS inayofuata siku inapotoka. Toleo la 24.04 lilitoka Aprili 2024, lakini waliokuwa kwenye 22.04 walisubirishwa hadi baada ya 24.04.1 ya mwezi Agosti. Hawa ndio waliolitengeneza, na bado hawakuwaharakisha watu wao.

SWALI: Windows 10 yangu haina tatizo lolote. Kwa nini nihangaishwe?

Haina tatizo unaloliona. Mfumo ulioacha kuhudumiwa hauzimiki. Unawaka kama jana, programu zinafunguka, printa inachapa. Kilichosimama ni viraka. Mwanya ukigunduliwa kesho, kwako utabaki wazi, na wadukuzi wanalijua hilo kuliko wewe.

Mkumbuke WannaCry, kirusi kilichofunga faili za watu na kudai fidia. Kiraka cha mwanya kilioutumia kilitolewa na Microsoft tarehe 14 Machi 2017. Shambulio likaja tarehe 12 Mei, likaenea katika nchi zaidi ya 150, na huko Uingereza hospitali zikaahirisha matibabu na kuwarudisha wagonjwa nyumbani. Dawa ilikuwapo kwa zaidi ya wiki nane. Kompyuta zilizoumia ni zile ambazo hazikupewa, na asubuhi ya tarehe 12 wenye kompyuta hizo nao wangekuambia hazina tatizo lolote.

Usiniambie una antivairasi. Ni kweli Microsoft imeahidi kuendelea kuipa Defender ya Windows 10 taarifa za virusi vipya hadi Oktoba 2028, na ni jambo jema. Lakini antivairasi humtambua mwizi ambaye sura yake inajulikana. Mlango uliovunjika haiutengenezi.

Kama huwezi kuhama sasa, Microsoft iliwafungulia watumiaji wa nyumbani mpango wa viraka vya ziada uitwao ESU, unaofika tarehe 13 Oktoba 2026. Unatakiwa uwe kwenye toleo la 22H2, uwe na akaunti ya Microsoft, na ujiandikishe kwenye ukurasa ule ule wa Windows Update. Jiandikishe, kisha muda huo uutumie kujipanga.

SWALI: Nawezaje kuzima masasisho kabisa? Yananimalizia bando.

Usiyazime. Yasitishe kwa muda: Windows inakuruhusu hadi wiki tano, kisha unayachukua. Kuhusu bando, fungua mipangilio ya mtandao unaoutumia na uitambulishe Windows kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo, na vipakuliwa vingi vitasubiri mpaka upate Wi-Fi isiyokubana. Wanaowafundisha watu kuua huduma ya masasisho isiamke tena wanawaumiza, na nasema hivyo nikiwa nimeshazisafisha kompyuta za waliowasikiliza.

SWALI: Windows 11 imeikataa kompyuta yangu, inasema haikidhi vigezo. Hakuna ujanja?

Kwanza hakikisha imekataliwa kweli. Vigezo vinavyokwamisha wengi ni TPM 2.0 (chipu ya usalama), Secure Boot (ulinzi wa wakati kompyuta inapowaka) na prosesa, ambayo kwa Intel ni kizazi cha nane kuendelea na kwa AMD ni Ryzen za mfululizo wa 2000 kuendelea. Sasa, TPM mara nyingi imo ndani ya prosesa yenyewe ila imezimwa kwenye BIOS, ile programu ya msingi inayoiwasha kompyuta kabla ya Windows. Kwa Intel utaikuta kwa jina la PTT, kwa AMD ni fTPM. Iwashe, kisha endesha tena PC Health Check, programu ya Microsoft inayopima vigezo hivyo. Nimeona kompyuta nzima zikiitwa chakavu na kuwekwa kando kwa sababu ya kitufe kimoja ambacho hakuna aliyekigusa tangu ziliponunuliwa. Ila kabla hujaingia BIOS, soma jibu la swali la faili hapa chini, hasa habari ya tarakimu 48.

Kama prosesa ndiyo yenye umri, ujanja upo na sitauandika hapa. Microsoft imesema wazi kwamba kompyuta iliyopenyezwa hivyo haina haki ya kuendelea kupata masasisho, na toleo la 24H2 la Windows 11 lilizikatalia kabisa prosesa za zamani sana ambazo ujanja wa awali ulizifaa. Utakuwa umehama kutoka mfumo usiohudumiwa ukaingia kwenye mfumo ambao huna uhakika wa kuhudumiwa. Umepata nini?

Kama kazi zako ni kivinjari, barua pepe na kuandika nyaraka, jaribu Linux Mint au Ubuntu. Inawaka kutoka kwenye fleshi bila kugusa kilichomo kwenye diski. Kaa nayo siku moja uone kama Wi-Fi, sauti na printa vinaitika, ndipo uamue. Na kwa wale wanaoniuliza kuhusu RAM: 4GB ni kigezo cha kwenye karatasi. Chini ya 8GB, na bila diski ya SSD, Windows 11 itakutesa.

SWALI: Sasisho limefika asilimia 30 na limekaa hapo saa moja na nusu. Nizime?

Usizime. Chomeka chaja, tazama taa ya diski, ikipepesa kazi inaendelea. Likikesha usiku kucha kwenye asilimia ile ile bila taa kupepesa, hapo ndipo ushikilie kitufe cha kuzimia.

SWALI: Nikisasisha, faili zangu zitafutika?

Kwa kawaida hazifutiki. Lakini Oktoba 2018 Microsoft ilitoa Windows 10 toleo la 1809, na baada ya siku nne ikalisimamisha, kwa sababu baadhi ya watu waliwasha kompyuta wakakuta nyaraka na picha hazipo. Kampuni ilisema taarifa za kupoteza faili zilitoka kwa mmoja katika kila masasisho 10,000. Huyo mmoja hakupoteza sehemu ndogo ya faili zake. Alipoteza zote zilizokuwa kwenye folda hizo.

Hata hivyo, kinachowaliza watu siku hizi mara nyingi si kufutika. Ni kufungiwa nje. Kompyuta nyingi za Windows, hata za toleo la Home, hujiwekea usimbaji wa BitLocker, yaani kufuli ya diski isiyofunguka bila ufunguo, pale mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft mara ya kwanza. Mwenyewe hajui. Likija sasisho linalogusa BIOS, mashine inaweza kumshuku mwenye nayo na kumdai ufunguo wa kurejesha. Julai 2024 Microsoft yenyewe ilikiri kwamba sasisho la usalama la mwezi ule liliziingiza baadhi ya kompyuta kwenye skrini hiyo.

Mwalimu mmoja aliniletea laptopu yake ikiwa hivyo. Skrini ya bluu, kisanduku kitupu katikati, na maelezo yanayotaka tarakimu 48, makundi manane ya tarakimu sita sita. Aliniuliza kama ninazo. Akaunti ilifunguliwa na aliyemuuzia laptopu, kwa namba ya simu ambayo haipo tena. Tulihangaika jioni tatu. Tukajaribu kila barua pepe aliyowahi kuwa nayo, tukapekua karatasi zilizokuja na mashine. Ndani ya diski ile kulikuwa na alama za wanafunzi wake za miaka minne na picha za marehemu mama yake. Diski ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo, na hakuna fundi duniani ambaye angeifungua. Nilipomwambia kilichobaki ni kufomati, alitoka chumbani, akarudi nilipomaliza.

Ndiyo maana ninauliza nakala iko wapi kabla ya kuuliza kitu kingine chochote, na nitaendelea kuwachosha kwa swali hilo. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft leo, tafuta ufunguo wa BitLocker wa kompyuta yako, uandike kwa mkono kwenye karatasi. Kisha nakili faili kwenye diski ya nje. Si kwenye diski D ya kompyuta hiyo hiyo, kwani mara nyingi D ni kipande cha diski ile ile moja, ikifa zinakufa zote. Na wanaosema faili zao ziko OneDrive au Google Drive wajue kwamba huduma hizo zinalandanisha: ukifuta huku, na kule inafutika, na ukichelewa kugundua, hata pipa la taka la kule litakuwa limeshamwagwa. Ukimaliza kunakili, chomeka diski hiyo kwenye kompyuta nyingine ufungue faili tano za kubahatisha. Wengi huruka hatua hii, na nimeshika diski nyingi za "nakala" zenye folda tupu.

SWALI: Rafiki amenitumia linki ya Windows 11 iliyokwisha kuamilishwa, haiombi leseni. Ni salama?

Hapana. Usiifungue, na mwambie rafiki yako abadilishe nywila zake zote kwa kutumia kompyuta nyingine.

SWALI: Nimehamia Windows 11 juzi na siipendi. Naweza kurudi nilikotoka?

Una siku kumi tangu ulipohama. Nenda Settings, kisha System, kisha Recovery, utaona Go back. Kinachokurudisha ni folda ya Windows.old, kwa hiyo usiruhusu programu yoyote ya kusafisha diski iiguse. Siku kumi zikipita, njia pekee ni kusakinisha upya kuanzia mwanzo. Ila dada yangu, unarudi kwa sababu kuna kitu kimekataa kufanya kazi, au kwa sababu kitufe cha Start kimehamia katikati? Hicho kinarudishwa kushoto kwenye mipangilio ya taskbar, huna haja ya kurejea mfumo ulioachwa bila viraka.

SWALI: Natumia MacBook Pro ya inchi 16 ya mwaka 2019 kurekodi muziki. Niweke macOS Tahoe?

Bado. Tahoe inaikubali mashine yako, na Apple imeshatangaza kwamba ndilo toleo la mwisho kwa Mac za Intel, kwa hiyo hutakuwa na jingine la kukimbilia. Anayerekodi muziki anategemea programu-jalizi (plug-in) na draiva za kifaa cha sauti, na hizo ndizo hukwama kwanza. Tembelea kurasa za watengenezaji wake moja baada ya nyingine, usome kama wametaja Tahoe kwa jina. Wasipoitaja, ichukulie kwamba haziendi. Mwaka 2019 toleo la Catalina liliacha kabisa kuendesha programu za zamani za biti 32, na waliobonyeza bila kusoma walikuta programu walizozilipia hazifunguki tena. Kama uko kwenye Sequoia, toleo lililoitangulia Tahoe, bado uko salama: Apple kwa desturi huendelea kuyapa viraka matoleo mawili yaliyotangulia lile jipya.

Siku ukiamua, achilia nafasi ya kutosha kwenye diski. Toleo la Big Sur lilipotoka, kisakinishi chake kiliweza kuanza kazi hata pale ambapo nafasi haikutosha, kikakwama katikati na kuiacha Mac haiwaki vizuri. Apple ilikirekebisha Februari 2021. Na Mac haina kitufe cha kurudi ndani ya siku kumi. Kurudi ni kufuta kila kitu na kurejesha kutoka Time Machine, programu ya Mac ya kutunza nakala, kwa hiyo Time Machine yako iwe ya siku hiyo hiyo.

SWALI: Mimi ni mzee wa miaka 71. Mjukuu wangu anataka kunihamishia Windows 11 wikiendi hii. Nimruhusu?

Shikamoo mzee wangu. Mruhusu, lakini Ijumaa akae na wewe kwanza. Anakili picha na nyaraka zako kwenye diski ya nje, achomeke diski hiyo kwenye kompyuta yake yeye, na wewe ukiwa umekaa pembeni afungue picha unazozichagua mwenyewe, si anazozichagua yeye. Zikifunguka, akuandikie zile tarakimu 48 kwenye karatasi, mzihesabu pamoja, uitunze karatasi mahali unapotunza vyeti vyako. Diski aichomoe kabisa. Jumamosi abonyeze.